Shikamoo Iliyopotosha Keekee

Siku yangu ya kwanza kazini nilisema neno moja tu, na neno hilo likaharibu mti uliokuwa umelazwa miaka saba ukikauka. Neno lenyewe ni shikamoo. Vijana wanaojifunza useremala hapa Kaloleni wameniomba niandike jinsi kazi ya viko ilivyofanywa zama zetu, na nikitaka kusema kweli sina pengine pa kuanzia isipokuwa hapo.

Kwa asiyejua, kiko cha tumbaku kina sehemu tatu. Kibakuli kinachotiwa tumbaku ni bori. Shingo ya mti inayotoka kwenye bori ni digali. Kipande cha mwisho, kile kinachoshikwa kwa meno, ni shilamu. Majina haya wazee wa mji wa kale wa Malindi walikuwa nayo tangu enzi za viko vya maji, na karakanani tuliyachukua vilevile. Mimi mwenyewe sijavuta hata siku moja, wala simshauri mtu avute. Mchonga jeneza halazimiki kulala ndani yake.

Karakana yetu ilikuwa Malindi, nyuma ya soko la zamani, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Mwenye mali alikuwa Mtaliano mzee tuliyemwita Sinyore. Chini yake alikuwa Fundi Mkuu, Mswahili wa mji wa kale, mtu ambaye hata paka wa karakana akimfukuza alimwambia tafadhali kwanza. Alikuwa mkerezaji, yaani fundi wa keezo, ile mashine inayozungusha mti ili upate kuchongwa mviringo. Lakini sifa yake hasa ilikuwa keekee, kile chuma cha kutobolea mti. Kutoboa tundu la moshi kutoka mwisho wa digali mpaka chini kabisa ya bori ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na pwani nzima hakuna aliyemfikia.

Mimi nilikuwa binti wa Kaloleni, nimetoka shule ya misheni, na Kiswahili changu kilikuwa bado kina Kigiriama ndani yake. Mama aliniasa jambo moja nilipokuwa naondoka nyumbani. Alisema huko Malindi nisimpite mkubwa bila shikamoo, watu wasije wakasema sisi wa milimani hatukulelewa.

Basi nikafika asubuhi, mlango uko wazi. Nikamwona mzee ameinama mbele ya mashine amenipa kisogo, ameshika mti kwa mikono miwili anausukumia kwenye keekee inayozunguka. Chini ya miguu yake unga mwekundu wa mti umejaa. Wanawake watatu waliokuwa kwenye meza ya msasa waliniona, mmoja akanipungia mkono ninyamaze. Mimi nikadhani ananisalimu. Nikasema shikamoo kwa sauti ya kusikika, kama nilivyofunzwa.

Fundi Mkuu akageuza kichwa, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Hapohapo mti ukalia. Nilipotazama, ncha ya keekee ilikuwa imechomoza ubavuni mwa digali, kama jino linaloota mahali pasipo pake. Fundi Mkuu akazima mashine. Mimi sikujua bado nimefanya nini. Yule aliyenipungia mkono akaninong'oneza kwamba gogo lile lilikuwa la digali ndefu, na kwamba lingine halipo.

Sinyore akatoka ofisini mwake. Akautazama mti, akanitazama mimi, akauliza imekuwaje. Fundi Mkuu akajifuta mikono kwa kitambaa na kujibu, "Kosa ni langu, Sinyore. Msichana amefanya adabu yake tu."

Niliona haya kiasi cha kutamani ardhi inimeze. Mzee wa watu ananifunika mbele ya tajiri, na hata jina langu hajalijua. Nilifanya azimio siku ile ile, na sikumwambia mtu: kabla sijaondoka katika karakana ile, nitamlipa Fundi Mkuu digali ndefu moja, iliyonyooka. Kesho yake nilikuta kipande cha kanga nyekundu kimetundikwa mlangoni. Tukaambiwa kuwa ikitundikwa kanga ile, Fundi Mkuu yuko kwenye keekee, na hapana hodi wala shikamoo, salamu zote zitajibiwa baadaye. Na kile kiko kilichoharibika akakitundika kwenye msumari juu ya mashine, mahali ambapo kila anayeingia atakiona. Nikasema moyoni, anayening'inia pale ni mimi.

Miaka minne ya mwanzo nilikuwa kwenye meza ya msasa. Kazi yenyewe ni kusugua. Unaanza na msasa mkali, unashuka mpaka ule laini unaofanana na kitambaa, kisha unalowesha mti kwa maji ili nyuzi zisimame, unaziacha zikauke, unasugua tena. Mwenye haraka hakai kwenye meza ile. Mti tuliotumia kwa viko vizuri haukuwa wa kwetu. Ni mzizi wa kichaka cha huko Ulaya kiitwacho briari, ulioletwa kwa magunia, nao una sifa ya kutoungua upesi. Mipingo na mingine ya hapa tulichongea viko vya watalii, vile vyenye kichwa cha ndovu. Vile vilitoka kwa wingi, na Fundi Mkuu alivipita bila kuvitazama.

Briari ni mzizi, na mzizi una tabia mbaya. Ndani yake mna vijiwe, mna mashimo, mna nyufa usizoziona mpaka umekwisha chonga nusu. Kupata kipande kizima cha kutosha kiko kifupi si tabu. Lakini digali ndefu ni karibu nusu shibiri ya mti mtupu, mbali na bori, na yote iwe gogo moja lisilo doa. Unaweza kufungua magunia matatu usilione. Na ukilipata, huligusi. Unalilaza juu darini miaka kadhaa likauke lenyewe, bila jua wala moto. Ndiyo maana nikasema neno langu liliharibu miaka saba.

Baada ya meza ya msasa nikahamishiwa miezi michache kwenye tupa, nikajifunza kuchonga shilamu na kuziingiza kwenye digali zisichezecheze. Kisha Sinyore akanipeleka Kilifi, kwenye duka dogo alilokuwa nalo si mbali na daraja, niwe fundi wa matengenezo. Huko ndiko nilikoelewa viko, kwa sababu kiko kipya hakikuambii kitu. Kinachokufundisha ni kile kilichovunjika.

Na vilivyovunjika vingi vilikuwa vya digali ndefu. Mtu anamaliza kuvuta, kiko bado cha moto, mti umevimba kwa joto, naye anashika shilamu anaizungusha aichomoe asafishe. Digali inapasuka. Mwingine anagongea majivu kwenye kisigino cha kiatu huku ameshikia mwisho kabisa, na digali inakatika katikati. Fundi mvivu atakwambia haidhuru, ataikata fupi, atavisha pete ya fedha, na utatoka na kiko kingine. Kwa hiyo digali ndefu za zamani zilizobaki nzima ni chache, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuzitafuta.

Sababu nyingine nilizipata kwa Bwana Mpimaji. Huyu alikuwa mpimaji ardhi wa serikali, mtu wa bara, aliyestaafu akajenga Kilifi karibu na mkono wa bahari. Kuvuta kiko alikuwa amefundishwa na mkubwa wake wa kwanza kazini, na kukusanya akajifundisha mwenyewe. Nilienda nyumbani kwake kukaza shilamu zilizolegea, akanionyesha ubao wake wa kutundikia viko. Ulikuwa na nafasi kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa na digali ndefu, zimepangwa sambamba, bori chini. Nafasi ya mwisho ilikuwa tupu.

Nilimuuliza kwa nini hizi tu, wakati kuna viko vilivyopinda kama shingo ya bata na vyenye nakshi za kila aina. Akaniambia kwanza ni moshi, kwamba ukisafiri ndani ya mti mrefu hufika mdomoni umepoa na haukuchomi ulimi. Pili akanionyesha nyuzi za mti zinavyotoka kwenye bori zikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa digali bila kukatwa. Tatu ni kwamba gogo lile lile lingetoa viko vifupi viwili, na fundi akakubali kutoa kimoja, na asiyejua hawezi kuiona hasara hiyo. Alipenda hasara ambayo haijitangazi. Kisha akasema jambo la nne, na hili alilisema polepole, kwa Kiswahili chake cha bara.

"Mama, mimi nimepima mashamba ya watu maisha yangu yote. Hakuna mstari moja nilichora ikanyooka huko chini. Kwa karatasi imenyooka, ukifika shamba kuna mkorosho, kuna kaburi ya babu ya mtu, unapinda. Hii ndiyo kitu ndefu nimewahi kushika na imenyooka kweli."

Ngeli zake zilinichekesha, lakini maneno nikayachukua.

Nikamuuliza kuhusu ile nafasi tupu. Akasema ya kumi na mbili alikuwa ameahidiwa na karakana ya Malindi, akaingoja miaka saba mti ukauke, mwisho wakamwambia keekee iliteleza. Alitaka kuijaza kabla hajafa, basi, hana haja nyingine. Nikajikausha. Nilikuwa nimeshika shilamu yake na nikaendelea kuipiga tupa hata pasipohitaji tupa.

Nilikaa Kilifi miaka mitano. Siku moja Sinyore akaja mwenyewe akaniambia nirudi Malindi, macho ya Fundi Mkuu hayaoni sawasawa. Ilikuwa mtoto wa jicho. Jicho moja alikwisha kupasuliwa, la pili akakataa, akasema moja linamtosha kuona njia ya msikitini. Hakushika keekee tena. Alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye stuli karibu na mlango, akafundisha.

Namna yake ya kufundisha keekee ilikuwa kunifunga macho. Alitwaa kile kipande cha kanga nyekundu akanifunga, akanipa gogo fupi la bure, akasema sukuma. Alisema macho ni waongo kwenye tundu, kwa kuwa keekee ikishaingia ndani ya mti macho hayaoni kitu na bado yanajifanya yanaona. Nikafunzwa kusikia. Keekee ikienda sawa sauti yake ni moja. Ikianza kuegemea upande hukwaruza kidogo, na mkwaruzo huo huanza mapema sana, mti ukiwa bado unaonekana mzima. Ukiusikia, unarudi nyuma, unatoa unga, unaanza upya taratibu. Usipousikia, utaendelea kwa furaha mpaka ubavuni. Niliharibu magogo mafupi mengi, na Fundi Mkuu hakunikaripia hata mara moja. Alikuwa akisema tu, "Umechelewa kusikia."

Miaka minne ikapita hivyo, natoboa viko vifupi asubuhi mpaka jioni. Juu darini palikuwa na gogo moja la digali ndefu, lililopatikana wakati mimi niko Kilifi, Fundi Mkuu akalilaza kwa mikono yake. Lilikuwa limeiva. Nililijua lilipo kila siku ya Mungu, na sikuthubutu kulitaja.

Sinyore ndiye aliyelitaja. Alikuja Jumamosi moja akasema gogo lile lishushwe, Jumatatu lipigwe msumeno katikati, tutoe viko vifupi viwili. Hakusema kwa ubaya. Alisema mwenye mkono wa kulitoboa hayupo tena, na mti ukizidi kukaa unaliwa na wadudu. Fundi Mkuu akainamisha kichwa.

Mimi nikasema nitalitoboa.

Sinyore akaniuliza kama nimewahi kutoboa digali ndefu. Nikasema sijawahi. Akauliza nikikosea je. Hapo Fundi Mkuu akafungua mdomo aseme, nikajua atajitia tena mbele yangu kama siku ile ya kwanza, nikamtangulia. Nilisema nikikosea nitavua aproni niiache mezani, nirudi kwetu Kaloleni. Wale wa meza ya msasa wakanitazama kama mwenda wazimu. Nilikuwa na watoto wanaosoma na kazi nyingine sina, lakini kama ningeliacha lile gogo lipigwe msumeno ningekuwa nimekubali kufa na deni. Sinyore akasema sawa, Jumatatu saa nne, naye hatakuwepo kwa sababu hawezi kutazama.

Akampigia simu Bwana Mpimaji ajue. Nilijuta kusikia hivyo.

Jumatatu nikatundika kanga mwenyewe. Bori nilikuwa nimekwisha kuichimba, nayo huchimbwa kwanza, ili tundu la moshi liwe na mahali pa kufikia. Nikachora mstari wa chaki juu ya digali, wa kuniongoza. Kisha nikakumbuka macho ni waongo, nikayafumba. Nikawasha mashine, nikasukuma.

Kina cha pingili moja ya kidole, pale mwanzoni, ndicho cha hatari kuliko vyote, kwani hapo ndipo keekee inapoamua njia yake. Nikaenda, nikarudi, nikatoa unga. Nikaenda tena. Nilipofika katikati nikasikia nje mtu anapiga hodi. Ilikuwa sauti ya Bwana Mpimaji. Ametoka Kilifi asubuhi ile kwa gari la abiria, akapanda tuktuk kutoka stendi, amefika, na maana ya kanga yetu haijui. Akapiga hodi ya pili. Kwetu pwani mtu mzima akipiga hodi ukamnyamazia ni sawa na kumwambia aende zake, na neno karibu lilikuwa limekwisha nifika ulimini. Akapiga ya tatu. Sikujibu. Nilimsikia akigeuza viatu vyake kwenye changarawe, na nilijua kabisa amekasirika na anaondoka. Baadaye niliambiwa Fundi Mkuu alitoka na stuli yake, akamshika kanzu, akaweka kidole mdomoni na kumketisha naye nje.

Mimi nilikuwa nasikia sauti moja tu ya keekee, haikwaruzi. Ikaja ile sauti tupu ambayo mti hutoa ukuta wa mwisho unapokwisha, na nikajua nimeingia ndani ya bori. Sikujua nimeingia wapi. Tundu likitokea juu mno, tumbaku ya chini haiungui. Likitokea pembeni, mkusanyaji atakitazama mara moja na kukurudishia. Nikazima mashine, nikachomoa keekee taratibu.

Nikatoka nje na mti mkononi. Nikainama kidogo mbele ya Fundi Mkuu, nikasema, "Shikamoo, Fundi."

Hakuitika.

Alinyoosha mkono tu, nikampa. Akatia kidole cha shahada ndani ya bori mpaka chini, akakiacha humo. Kwa mkono wa pili akachukua waya wetu wa kupimia, waya mgumu usiokubali kupinda, akauingiza kwa mwisho wa digali. Akausukuma kidogokidogo. Nilisimama pale nimemwamkia mzee na mzee hajaitika, watu wanapita njiani wanatutazama. Waya ukaenda wote. Ukamgusa ncha ya kidole chini kabisa, katikati, nikaona kidole kinashtuka. Akauchomoa, akaweka digali kwenye lile jicho moja zima, akaielekeza kwenye mwanga wa barabara, akachungulia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko miaka yote ya karakana. Kisha akaishusha.

"Marahaba," akasema.

Nililia. Sioni haya kusema.

Bwana Mpimaji akakichukua, akakichungulia kama alivyokuwa akichungulia vyombo vyake vya kupimia. Akasema kimenyooka. Akarudia tena kimenyooka, mara hii kwa sauti ndogo, akageukia barabarani tusimwone uso. Ilibidi akiache tukipige msasa na kukitia shilamu, ile fupi inayofaa digali ndefu, maana safari yote inafanywa na mti. Alikubali kukiacha kwa shida, kama mtu anayemwacha mtoto hospitali.

Alipokwisha ondoka, Fundi Mkuu akaniambia nimletee kile cha kwenye msumari. Nilidhani anataka kukitupa, kwa kuwa sasa deni limelipwa. Nikakishusha, nikapangusa vumbi. Kwa miaka kumi na mitatu nilikiona kila nilipokuwa Malindi na sikuwahi kukigusa. Akanipa waya akasema nipime.

Waya ukaingia pingili moja ya kidole, ukakwama. Nikauzungusha, ukakwama palepale. Nikadhani ni unga wa zamani, nikapuliza, nikajaribu tena. Hapo ndipo mkono wangu ulipoelewa kabla ya akili. Tundu lililopotoka kwa kushtuka huwa na kona, linakwenda sawa kisha linaruka. Hili halikuwa na kona popote. Lilipinda polepole tangu pingili ya kwanza, likaenda likipinda mpaka likatokea ubavuni. Na mimi nilipoingia mlangoni siku ile, unga ulikuwa umejaa chini na keekee imekwisha mezwa karibu yote.

"Fundi," nikasema, "hii ilikuwa imepotea kabla sijafika mlangoni."

"Naam."

"Na ukaniacha miaka yote hii nikijua ni mimi?"

"Sikukuacha. Siku ile ile nilisema kosa ni langu. Nilisema mbele ya Sinyore na wewe umesimama pale."

"Nikadhani unasema kwa adabu."

"Adabu ilikuwa ile marahaba," akasema Fundi Mkuu. "Lile lingine lilikuwa kweli."

Nilimuuliza basi ile kanga ilikuwa ya nini. Akasema jicho lilikuwa limekwisha kuanza kumsaliti wakati ule, akaona lazima ajifunze kutoboa kwa masikio, na masikio yanataka kimya. Na msumari? Akasema alikitundika pale ajione yeye, kila asubuhi, asije akajidanganya. Hakujua kama na mimi najiona.

Nilimkasirikia, sitaficha. Siku mbili nilimwamkia kwa shingo upande. Miaka kumi na mitatu nimebeba mzigo ambao mwenyewe alikwisha ubeba tangu saa ya kwanza! Kisha nikajiuliza kama bila mzigo ule ningesimama mbele ya Sinyore na kusema nitalitoboa, na jibu silipendi mpaka leo. Siku ya tatu nikamletea mahamri na mbaazi, tukala, mambo yakaisha.

Nilikuwa fundi wa keekee mpaka karakana ilipofungwa. Digali ndefu nilitoboa nne tu katika maisha yangu, zote zilinyooka, na zile tatu za baadaye hazikunishtua kama ile ya kwanza. Sinyore alizeeka akarudi kwao. Bwana Mpimaji alijaza ubao wake, akaishi miaka sita zaidi. Binti yake ndiye aliye nao sasa, havuti, lakini hupangusa vumbi kila Jumapili. Fundi Mkuu alipougua kwa mara ya mwisho aliniita, akanipa kile kilichopotoka na ule waya. Vipo hapa ukutani kwangu Kaloleni. Wageni huuliza kwa nini nimetundika kitu kibovu, nami huwaambia wakichungulie kwanza.

Kazi ya viko imekwisha, na madaktari wana haki, sina la kuwabishia. Mnaojifunza mbao chukueni haya mawili: keekee hupotea mapema kuliko mnavyoona, na fumbeni macho msikie. La tatu si la mbao. Sisi watu wa pwani tumejaliwa adabu nyingi hata kweli ikipita mlangoni tunadhani ni adabu nyingine, tunaitikia tu, tunaiacha ipite.

Juzi mkaza mwanangu aliacha bomba wazi, tangi la maji ya mvua likaisha lote, na kiangazi hiki mnakijua. Akaja akasimama mbele yangu akasema, "Mama, kosa ni langu." Ulimi ulikuwa tayari kumwambia la, mwanangu, haidhuru, hata mimi ningesahau. Nikauzuia. Nilikuwa nachambua mchele, nikamaliza konzi niliyoishika, nikauweka ungo chini.

"Nimekusikia," nikamwambia.